Saa Ambayo Mtoni Hakuna Mtu

Mbinga, Jumapili alasiri

Otilia mwanangu,

Umeteremka Lituhi kumuaga shangazi yako, na shangazi yako namjua: hatakuachia mpaka akufungie usipa, dagaa wa ziwa lao, wa kulisha nusu ya Ulaya. Utarudi jioni umechoka, na kesho alfajiri ni basi. Kwa hiyo nimejipa alasiri hii. Baba yako yuko nje anageuza kahawa kichanjani na redio yake, nami nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, nimevaa miwani, nimefunga mlango.

Mambo ya koti zito, soksi na dawa umeshaambiwa na kila mwenye mdomo, wakiwemo wasiowahi kuvuka Songea. Siyarudii. Nina jambo moja tu, nalo liko hapa mbele yangu: ile fomu ya ridhaa uliyoniwekea mezani mara tatu, na mara tatu ukaikuta haina saini. Mara ya mwisho uliniambia, "Mama, ni saini tu." Nikakujibu maneno ambayo mama hamwambii mtoto aliye safarini: nenda zako kwa hao wasiosali, mtafanana. Uliondoka mezani hujamaliza maharage yako. Tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja.

Ulidhani nakukatalia safari. Hapana. Nilishindwa kutia saini kwa sababu yale niliyokueleza kuhusu marehemu Mzee Kunibert, simu yako ikinirekodi, ni uongo. Saini yangu ingeugeuza uongo ule kuwa utafiti. Wewe umeujengea sura nzima ya kwanza, na kesho utaondoka nao kwenda kuulinganisha na maisha ya watu wa nchi nyingine. Sitakubali uende hivyo. Soma mpaka mwisho, hata kama utanikasirikia katikati.

Lakini kwanza nikwambie fahari yangu, maana nayo nilikunyima. Tangu nikiwa msichana nimeona watafiti wakija kwetu. Walikuja kupima ngoro zetu, mashimo yetu ya kulimia mlimani, wakashuka humo na futi kamba, wakauliza nani anapanga majani na nani anafukia, wakatupiga picha tukiwa tumeinama. Wengine walikuja kuuliza tunakula nini, tunaoana vipi, tunazikana vipi. Tukawajibu, wakaondoka, na kitabu hatukukiona. Siku uliponiambia kwamba unakwenda wewe kuwauliza Wazungu maswali, kwao, kwa lugha yao, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama Hyera wa duka la pembejeo aliniuliza, "Mwalimu, hivi huyu mtoto anaenda kusomea nini hasa?" Nikamwambia anakwenda kuwasoma Wacheki, historia yao, siasa zao, mila zao na wanavyoishi siku hizi. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwani wao hawana watoto wao wa kuwasoma?" Nikamjibu wanao, ila hata sisi tulikuwa nao na bado walikuja. Akacheka, akanipunguzia bei ya mbolea.

Kurasa ulizonitafsiria nilizisoma zote, nikazipigia mistari kwa penseli kama nilivyozoea. Jina la mji wako mpya, Brno, nimelijaribu mara nyingi na bado naona kuna mtu ameziiba irabu zake. Nimejifunza kwamba zamani walimchoma moto padri wao mmoja kwa sababu ya mahubiri yake. Nimejifunza kwamba baadaye watawala waliwarudisha kwenye Ukatoliki kwa nguvu, na kwamba katika miaka ya chama kimoja, mtu aliyeonekana mara nyingi kanisani aliweza kukwama kazini, au mtoto wake akanyimwa chuo. Mwishowe wakajaa kwenye viwanja vya miji yao wakitikisa funguo mikononi mpaka utawala ule ukaondoka. Hilo la funguo nililisoma mara mbili. Nikatoka uani nikatikisa za kwetu nisikie mlio wake, baba yako akauliza kama nimefungua stoo.

Halafu nikafika kwenye swali lako lenyewe: kwamba siku hizi wengi wao wanachomwa wakifa, bila sala, bila hotuba, bila hata ndugu wa kusimama pembeni, na majivu mengine yanakaa rafuni bila wa kuyachukua. Unataka kujua kwa nini. Ni swali zuri. Ila ukaandika, ukurasa wa kwanza kabisa, kwamba ulianza kulibeba ukiwa darasa la tatu, kwenye mazishi ya mzee mmoja wa mlimani kwenu "aliyeiacha dini kwa hiari yake, akazikwa bila sala, na hakuna aliyeshangaa." Maneno hayo ni yangu. Wewe umeyanyoosha tu.

Unaikumbuka ile simu ya video na msimamizi wako, Profesa Zdenka? Yule mama mwenye nywele fupi nyeupe. Ulikuwa umemfundisha kusema shikamoo, akaniamkia, na mimi nikaona ananizidi umri, nikamwamkia vilevile, tukabaki tunaamkiana hakuna wa kuitikia. Akauliza kwetu mazishini wanakuja watu wangapi.

"Wote," nikasema.

"Wote nani?"

"Wote. Hata wasiompenda."

Ulipomtafsiria alicheka sana. Kisha akasema kwamba baba yake alipofariki hakuja mtu, hapakuwa na mazishi. Walimpeleka kwenye tanuri peke yake, na yeye akaenda kuchukua majivu baada ya siku kadhaa. Nami nikaropoka, "Masikini wa Mungu!" Wewe hukutafsiri, nakushukuru, lakini sauti yangu aliisikia. Akaanza kueleza taratibu. Baba yake aliishi miaka ambayo kila mfanyakazi akifa alikuja mtu wa chama na karatasi, akasoma hotuba ileile iliyobadilishwa jina tu. Aliisikia ikisomwa juu ya jeneza la kaka yake mwenyewe, ambaye chama kilekile kilikuwa kimemfunga. Akawaambia wanawe: mimi nikifa, msinisomee kitu chochote. Basi walichukua majivu wakayapeleka msituni, karibu na kibanda alichokijenga kwa mikono yake, mahali alipozoea kuokota uyoga. Wakapika supu aliyoipenda, wakakaa pale hadi jioni.

Ulipokata simu nilikwenda jikoni kumenya viazi, na nikashindwa. Ulifikiri nimechoka. Nilikuwa namwona Mzee Kunibert.

Hukumjua vizuri, ulikuwa mdogo. Alikuwa mtu wa Lituhi, fundi wa mitumbwi, akampenda Bibi Rozalia wa huku kwetu, akapanda mlima kumfuata na kuishi mahali pasipo na maji ya kuelea hata bata. Kwa kuwa mitumbwi huku haina kazi, akatengeneza milango. Benchi zote tunazokalia kanisani kigangoni ni za mkono wake. Na alikuwa anaimba sauti ya chini, nzito, ukiisikia unaiona benchi inatetemeka.

Jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilikuwa inakutana kusali Jumamosi asubuhi, jua likianza kuchomoza, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo. Mimi nilikuwa mwenyekiti, na daftari la mahudhurio nilishika mwenyewe kwa sababu sikumwamini mtu mwingine na kalamu. Aliyekuja nilimwekea vema, asiyekuja mkasi, kwa wino mwekundu. Watoto walioniogopa darasani walikuwa sasa na wake na waume, na Jumamosi waliendelea kuniogopa. Nilifurahia. Nakwambia ukweli, nilifurahia sana.

Mzee Kunibert akaanza kukosekana. Jumamosi moja, ya pili, mwezi, mwaka, zaidi. Nilikutana naye njiani siku moja amebeba ndoo yenye mfuniko. Nikamwambia, "Mzee wangu, tumekukosa." Akasema, "Nitakuja, Mwalimu, Mungu akijalia." Nikamjibu, "Mungu ameshajalia, umebaki wewe." Niliona nimesema la maana. Akainamisha kichwa akapita. Mle ndani ya ndoo mlikuwa na nini, sikuuliza.

Na kuna jingine. Nilipokwenda mtoni Jumamosi kufua, tukitoka jumuiyani, mara nyingi nilikuta jiwe langu la kufulia limelowa na kipande cha sabuni ya mche kimesahaulika juu yake. Nilikichukua nikafulia sare zako za shule. Nilijua kabisa kwamba kuna mtu anafua saa ile ambayo wote tuko kwenye jumuiya. Nikaona ni bahati yangu ya sabuni, basi.

Alikufa ghafla, msimu wa kupanda maharage, ameshika randa mkononi. Katekista akaja kwangu, maana bila barua ya jumuiya hakuwa na idhini ya kuendesha mazishi. Nilimkuta amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, tumpe tu barua. Mtu ameshakufa."

"Daftari hilo hapo. Lisome mwenyewe."

Akalifungua, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa mikasi myekundu, ukurasa kwa ukurasa. Akalifunga polepole.

"Kwa hiyo ni wewe uliyekataa, si ndiyo?"

"Limekataa daftari," nikasema.

Watu walikuja, kwetu watu hawawezi kuacha kuja. Vijana walichimba kaburi kule juu ya ngoro za ukoo wa Bibi Rozalia. Lakini kengele haikupigwa, katekista hakuja, na mimi nilisimama mbele nimekunja mikono. Palikuwa na waimbaji wazuri pale. Nilimwona Mama Hyera amefumbua mdomo mara mbili, akanitazama, akafumba. Walishusha jeneza unasikia kamba tu zikikwaruza mbao. Ndipo ukanivuta kitenge ukauliza, si kwa kunong'ona, kwa sauti yako yote ya darasa la tatu, "Mama, mbona hatuimbi?"

Nikakwambia nyamaza.

Bibi Rozalia alikaa chini mbali na wanawake wenzake, amejifunga kanga tatu na jua lile. Hilo pia nililiona. Nikajisemea ana maringo hata kwenye msiba.

Baada ya wiki kama saba hivi nilishikwa na homa katikati ya jumuiya, nikaondoka mapema. Nikapitia mtoni ninawe uso. Bibi Rozalia alikuwa kwenye lile jiwe langu, amezungukwa na mashuka na matambara. Aliponiona alijirusha juu ya nguo zile kama mtu anayefunika mtoto asinyeshewe. Lakini harufu ilikuwa imeshanifikia.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kabla ya saa."

"Saa gani?"

"Saa ya jumuiya mtoni hakuna mtu. Ndiyo saa aliyoichagua yeye."

Akanieleza, akiwa bado amelala juu ya nguo zile. Tangu uzazi wake wa mwisho, ule wa uchungu wa siku mbili na mtoto akafa, mkojo ulikuwa haumkai. Unatoka tu, usiku na mchana. Alimwapisha mumewe asimwambie mtu, hata mimi, hata katekista, hata ndugu zake kule ziwani. Na mumewe akaona haiwezekani mkewe apite kijijini na ndoo ile, watu wakiziba pua. Akasema atafua yeye. Lakini mwanaume kufua nguo za ndani za mkewe mtoni, kwetu, mchana, kati ya wanawake, unajua ingekuwaje. Wangeuliza, na siri ingetoka. Kukawa na saa moja tu katika wiki nzima ambayo mto uko mtupu. Mimi ndiye niliyeufanya mtupu, mimi na daftari langu.

Nikakaa kwenye tope, na homa yangu. Akasema jambo la mwisho, nalo ndilo lililonimaliza. Alisema jumuiya ilipokuwa kwenye nyumba zilizo karibu na mto, mumewe alisikia nyimbo zetu. Akawa anaitikia kule chini, anafua huku anatia sauti nzito. Alirudi nyumbani akimwambia mkewe leo tumeimba vizuri, au leo Mwalimu ameanzisha juu mno.

Tumeimba, alisema. Otilia, nilikuwa nampigia mkasi mtu aliyekuwa anaimba na sisi.

Niliyofanya baada ya hapo unayajua nusu. Unajua nilimpeleka Bibi Rozalia hospitali, tukaenda na kurudi hadi akafanyiwa upasuaji, akapona. Ulidhani ni uvimbe, kila mtu alidhani hivyo. Watu wakanisifu kwamba Mwalimu ana moyo, nami nikazipokea sifa zile nikazikalia. Kwenye jumuiya sikusema kitu. Nilijiambia kwamba siri si yangu. Ni kweli haikuwa yangu. Lakini niliweza kusimama nikasema, "Kwa Mzee Kunibert nilikosea," nikakaa, bila kutaja ndoo wala shuka. Sikusema. Nilijificha nyuma ya aibu ya mwanamke mwingine kwa miaka yote hii, na aibu ile yeye alishapona, mimi bado.

Nilinunua daftari jipya, jina lake sikulinakili. Mtu akiuliza kwa nini mzee yule alizikwa kimya, nilijibu kwamba aliamua mwenyewe, aliiacha dini. Nikarudia na kurudia mpaka kijiji kizima kikawa kinasema hivyo bila kunihitaji. Ndivyo historia ya hapa ilivyoandikwa, na wewe umekulia ndani yake. Uliponiwekea simu yako mezani ukauliza, "Mama, kwa nini Mzee Kunibert aliacha kanisa?" nilikujibu bila kupepesa macho. Roho ilikuja kunisuta baadaye, ulipoleta fomu.

Sasa unisikilize kidogo kama mwalimu, halafu nitarudi kuwa mama.

Utakapofungua mafaili ya zamani ya polisi wao wa siri, yale uliyoniambia kwamba sasa yanasomwa, kumbuka kwamba yaliandikwa na watu kama mimi, wenye mwandiko mzuri na uhakika mwingi, waliokutana na mtu na ndoo yake wasiulize. Usiyaamini kwa sababu ni nadhifu. Na mtu akikwambia kwamba fulani hakwenda, hakuja, hakusali, hakulia, usiandike hapohapo. Uliza saa ile alikuwa wapi. Uliza mara ya pili, siku nyingine, ukiwa umekaa naye jikoni na simu yako imezimwa. Mimi nilikuwa na kila alama ya kunionyesha ukweli, mpaka sabuni yake nilitumia, na kilichonikosesha ni kwamba jibu nilikuwa nalo tayari.

Labda utakuta kwamba wengine kweli hawajali wafu wao. Wapo, hata hapa wapo. Uandike. Labda utakuta watu waliolazimishwa kusali, kisha wakalazimishwa wasisali, kisha wakasomewa hotuba za uongo, sasa wamechoka kuambiwa wasimameje mbele ya kaburi. Mimi sijui. Sitaki tena kujua kabla ya kuambiwa. Lakini usimwite mtu masikini hata moyoni, mpaka amalize kusema.

Na wapo watakaokufungia mlango. Watakuuliza binti wa Kiafrika anatafuta nini kwenye majivu ya baba zao. Jikaze. Usiombe radhi kwa kuuliza, na usirudi nyuma. Watakwambia ukachunguze kwenu kwanza. Uwajibu kwamba umeshachunguza, ulianzia kwa mama yako, na alikupa shida kuliko wao.

Kuhusu maneno yangu ya mtafanana: nisamehe. Naogopa kwamba utaacha kusali? Naogopa, nisiseme uongo mwingine kwenye barua hii. Nitakuombea kila siku, hilo huwezi kunikataza hata ukiwa profesa. Ila mahudhurio yako sitayashika. Sitakupigia simu Jumapili jioni kukuuliza asubuhi ulikuwa wapi. Ukitaka kuniambia, nitasikiliza, na sitakatiza.

Sasa hili la mwisho. Alhamisi, ulipokuwa Mbinga mjini kufuata karatasi zako, nilikwenda kwa Bibi Rozalia. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kiti ambacho mumewe alikitengeneza. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yote yakanikimbia. Nikamwambia tu: nilimnyima mume wako barua, nikamsingizia, na sasa mwanangu anakwenda kuandika uongo wangu mbali. Nataka nimwambie ukweli, lakini ukweli una siri yako ndani. Ukikataa, nitamwambia aifute sura yote, na sababu nitaibeba mimi.

Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Akapepeta, akaweka ungo chini. Kisha akaniambia kwa Kimatengo, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Mwalimu, mimi nilijua unajua kwamba ulikosea. Nilikuwa nangoja tu uchoke."

Nikalia, mwanangu. Mimi, pale, mbele ya kuku wake.

Akasema uandike yote, na jina la mumewe uliandike lote, la ubatizo na la ukoo, na kwamba alitoka Lituhi. Nikamsomea fomu nyingine tupu uliyoniachia, mstari kwa mstari, akaweka kidole gumba. Aliweka na sharti moja. Alisema: "Mwambie Otilia aandike kwamba alifua vizuri. Shuka zangu zilikuwa zinatakata kuliko za wanawake wote wa hapa. Asije akaandika tu kwamba alifua." Nimemwahidi kwa niaba yako.

Fomu zote mbili zimo ndani ya bahasha hii. Yangu nimeitia saini. Penye swali la kama jina langu lifichwe, nimeandika Hapana. Yale mahojiano uliyonirekodi usiyafute. Yaweke, uandike kwamba hapa mama alisema uongo, kisha uweke barua hii pembeni yake. Ni haki yako kama mtafiti, na mimi ni mtu mzima.

Jumamosi ijayo jumuiya itakutana kwa Mama Hyera. Uenyekiti nilishauacha, lakini nimeomba nafasi ya kusema, nimepewa. Nitasimama niseme nililofanya, Bibi Rozalia atasimama aseme la kwake mwenyewe kama alivyotaka, kisha wote tutapanda kwenye kaburi. Katekista mpya amekubali kuja. Wapo watakaonicheka, na wapo waliosubiri siku hii tangu niwachape darasani. Wacheke. Nitakwenda.

Uliniuliza siku ile mbona hatuimbi, nikakunyamazisha. Jibu ni kwamba watu wote walikuwa wananitazama mimi, na mimi nilikuwa nimefumba mdomo. Wimbo Bibi Rozalia ameshauchagua, na amenionya nisiuanzishe juu mno. Jumamosi utakuwa umeshafika huko kwenye baridi yako. Simu yako iwe na chaji. Nitakupigia tukiwa kaburini, nitaishika juu usikie, na mpaka hapo, sura yako ya kwanza usiifunge.

Mama yako,
Gaudensia